Chepkirui Mutai, Aliyewaacha Watu Wataje Kikomo Chao Wenyewe

Maisha haya yanasomwa na mdogo wa marehemu, Kipchumba, ambaye ndiye aliyeyaandika. Humu ndani atatajwa kwa jina kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndiyo desturi ya kitabu cha mazishi, na kwa sababu mtu husema ukweli wake kwa urahisi zaidi akijiita "yeye". Wenye haraka wavumilie. Dada yake hakuwa mtu wa haraka.

Chepkirui Mutai alikuja duniani tarehe 14 Agosti 1974 huko Litein, Kericho, akiwa kifungua mimba wa Mzee Elkanah Mutai, karani wa kiwanda cha chai, na Bi. Cherono, mkulima. Alizaliwa usiku watu wakiwa wamelala, na jina lake lasema hivyo hivyo. Baba yake alipenda kutania kwamba mtoto huyo aliwakuta wenzake usingizini akaona heri naye alale, maana tangu hapo alilala popote. Akiwa na miaka minne alipotea asubuhi moja ya ukungu. Majirani wakamtafuta kati ya michai wakiita jina lake, kumbe alikuwa ndani ya kikapu cha kuchumia, amelala, majani mabichi yamemfunika hadi kidevuni. Alipoamshwa hakulia. Aliuliza tu, "Nimelala sana?" Kipchumba hakuwa amezaliwa wakati huo, lakini amesimuliwa kisa hiki mara nyingi hata huuona ukungu ule kana kwamba alikuwapo.

Alisoma shule ya msingi hapo Litein kuanzia 1981 hadi 1988, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana ya Kaplong, alikomaliza mwaka 1992. Mwalimu wake wa hesabu aliandika katika ripoti: "Hujibu sawasawa, lakini kutoka mbali." Alifanya kazi ofisini kiwandani kwa baba yake, na tarehe 9 Agosti 2001 akatua Amerika, akakaa Annandale kwa binamu. Mchana aliwatunza wazee majumbani mwao, jioni alisoma chuo cha jirani, na mwaka 2007 akapata cheti cha ushauri nasaha. Theluji ya kwanza aliyoiona ilimshika kwenye kituo cha basi akaitazama hadi mabasi yake mawili yakapita. Mzee aliyekuwa akimngoja siku hiyo alimsamehe, kwa sharti kwamba amsimulie ilivyokuwa.

Katika chakula cha kanisa mwaka 2003 alikutana na Gratien Mugisho wa Bukavu, mpishi wa jikoni ya chuo kikuu kule Fairfax. Gratien alimpakulia sombe, mboga ya majani ya muhogo, mara tatu bila kuombwa, akafikiri hiyo ni posa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Julai 2004. Katika kutoa shukrani siku hiyo bwana harusi aliwaambia watu, "Huyu bibi yangu, hata nikimuongeleshaka, yeye analala. Lakini akiamka anakumbuka yote, basi mi niko chunga kinywa." Mungu aliwajalia Tania mwaka 2005 na Ethan mwaka 2009, na mwaka 2011 wakahamia Riverdale Park, katika nyumba iliyo karibu na reli.

Tarehe 9 Januari 2017 alianza kazi katika kasino moja upande wa Maryland. Kuna waliosikia hili wakakohoa kanisani, na wanaokohoa sasa hivi pia wamesikika. Chepkirui hakugawa karata wala hakuuza pombe. Alikaa kwenye meza ndogo karibu na mlango wa kutokea, akiwaandikisha wachezaji waliotaka kujiwekea kikomo: kwa mwezi nitatumia kiasi hiki, kwa siku nitakaa saa hizi, nikifika hapo mashine zinikatae. Utaratibu wa mahali pale ulikuwa na kanuni mbili, naye alizishika kama amri. Ya kwanza, mfanyakazi haruhusiwi kumtajia mchezaji namba. Ya pili, ukitaka kupunguza kikomo chako, kinapungua papo hapo. Ukitaka kukiongeza, unangoja siku saba, kisha unaulizwa tena kama bado unataka.

Mama yake kule Litein alipoambiwa kwa simu kwamba binti anatoa ushauri wa afya ya akili, alilitangazia kanisa kwamba Chepkirui ni nesi. Basi simu zikaanza, huyu na presha yake, yule na goti lake. Chepkirui aliwasikiliza wote, akawauliza wao wenyewe wanaonaje, na ajabu ni kwamba wengine walipata nafuu.

Aliwahi kumweleza Kipchumba jinsi mahali pale palivyo. Hakuna dirisha wala saa ya ukutani. Zulia lina maua makubwa ambayo hayaoti popote duniani, na mlio wa mashine, ukiusikia kwa mbali, ni kama mvua inayonyesha juu ya mabati ya jirani. Watu hupita polepole, macho wazi, na bado wamelala. "Mtu anayetembea usingizini humshtui," alisema. "Nakaa tu pale mlangoni, nangoja ageuke mwenyewe." Alisema hivyo akiwa amefumba macho, na Kipchumba hakujua kama anaongea naye au anaota.

Sasa tuseme bila kuzunguka. Kipchumba, aliyefika nchi hii mwaka 2012 na anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa mcheza kamari. Chepkirui alijua. Katika watu wote aliowaandikisha, huyu ndiye aliyemnyima raha, na hakumwambia hata mara moja aache. Jumapili tarehe 3 Novemba 2019, baada ya ibada, Kipchumba alikwenda mwenyewe kwenye ile meza akiwa bado na tai shingoni.

"Jina?" akauliza dada yake, kana kwamba hawakunyonya ziwa moja.

"Chepkirui, si unanijua?"

"Jina, tafadhali."

Akalitaja.

"Na kwa mwezi, unajiwekea kikomo cha kiasi gani?"

Alikuwa amejiandaa kusema dola mia mbili. Lakini nyuma yake alisimama Mzee Phineas Mugo, mweka hazina wa chama chetu cha kusaidiana, ambaye hadi leo anashikilia kwamba alikuja pale kula chakula cha mchana. Sisi tuliolelewa na harambee tunajielewa. Mtu akiulizwa kiasi mbele ya mzee, hataji alicho nacho, hutaja kitakachomwondolea aibu. Kipchumba alijikohoza akasema, "Mia nane." Mzee Phineas akaitikia kwa nyuma, "Barikiwa." Chepkirui aliandika mia nane, maana hakuruhusiwa kusema lolote.

Na ahadi ni deni. Kila mwezi Kipchumba alicheza mpaka mia nane zikatimia, na ukifika mwisho wa mwezi zimebaki sitini, alifunga safari kwenda kuzimaliza ili neno lake lisianguke. Jumapili moja ya Februari 2020, mezani Riverdale Park, alijisifu. "Siz, mimi ni mtu wa nidhamu. Sijawahi kuvuka kikomo hata siku moja."

"Na umewahi kutokifikia?"

Tania, aliyekuwa na miaka kumi na minne wakati huo, alimtazama mjomba wake akasema, "Uncle, that's not how limits work." Walicheka wote, isipokuwa mama yake.

Chepkirui alisema baadaye kwamba kwa siku kadhaa aliona sura za watu aliowaandikisha kwa miaka mitatu zikipita mbele yake, kila mmoja akitaja namba kwa sauti ya mtu anayesikilizwa. Akaenda kwa msimamizi wake, Wayne, ambaye yupo nasi hapa leo, akamwambia, "Tukianza na pesa, mtu anajibu kama yuko mnadani. Tuanze na saa, na nyuma yake pasisimame mtu." Ilichukua zaidi ya mwaka, vikao na barua, lakini mwaka 2021 meza ilizungushiwa pazia, na fomu ikaanza kwa swali alilolitunga yeye: Nani anakungoja, na saa ngapi? Kipchumba naye aliulizwa. Hana mke wala mtoto. Akasema, "Wewe, Jumapili, saa nane mchana." Akapunguza hadi dola mia moja, na kwa miaka minne hakuifikia, miezi mingine hakucheza kabisa. Jumapili saa nane alikuwa mezani kwa dada yake.

Tarehe 11 Novemba 2024 daktari alimwambia Chepkirui kwamba ana saratani ya kongosho. Alirudi nyumbani, akala, akalala, na alipoamka aliandika kwa mkono wake kwamba atakubali awamu mbili za dawa, basi. Ya pili ilipoisha mwezi wa Aprili, familia ilikusanyika sebuleni kumsihi.

"Mama Tania," Gratien akasema, "docteur anasema iko ingine dawa. Tujaribu quand même."

"Niliposema mbili nilikuwa nimelala vizuri na nimekula," alijibu. "Leo mimi nina maumivu na nyinyi mnalia. Nipeni siku saba, halafu mniulize tena."

Walimpa siku saba. Walimuuliza tena. Akasema mbili.

Wiki zilizofuata zilikuwa za upole wa ajabu. Kitanda kiliwekwa dirishani. Treni zilipopita alisinzia, na zilipokwisha kupita aliamka na kusimulia alikotoka. Mara alikuwa Litein, theluji inaanguka juu ya chai, na wachumaji wanaendelea kuchuma bila kuhisi baridi. Mara babu ambaye hakumwona duniani alimkaribisha maziwa ya mursik, akamlalamikia kwamba amechelewa. Ethan, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hakitoki, alikaa miguuni pake na kumwambia, "Tell me the snow one again." Alimsimulia upya, na kila mara theluji ilizidi.

Kipchumba hakuweza kustahimili nyumba ile tulivu. Ijumaa tarehe 23 Mei, akiwa kwenye gari nje ya kazini, aliomba kwa simu kikomo chake kitoke mia moja kiende elfu mbili. Jumapili alimwambia dada yake, na kwa kuwa Gratien alikuwa chumbani waliongea Kiswahili badala ya lugha ya kwao.

"Nimeomba waniongezee."

Hakumuuliza kiasi gani. Alisema, "Basi unangoja."

"Niambie niache. Sema neno moja tu, Chepkirui, na nitaacha."

"Umuambie, mama," Gratien akasema. "Ona, analia. Umuambie tu."

Alifumba macho muda mrefu, wakadhani amelala.

"Nikikuambia mimi," akasema, "nikienda, neno hilo litaenda na mimi."

Kipchumba alikasirika. Hakuna haja ya kuficha. Alitoka nje akiwaza kwamba mtu hawezi kumnyima damu yake neno moja kwa ajili ya kanuni za kasino, na hakuaga.

Chepkirui Mutai alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 28 Mei 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini. Gratien alikuwa akikoroga uji. Tania alikuwa amemshika mkono, na anasema hakuona mpaka wa usingizi na kifo, aliona usingizi tu, kisha treni ikapita na mama yake hakuamka. Kipchumba alikuwa kwenye foleni barabarani, akija kuomba radhi.

Ameacha mume wake, Gratien. Watoto wake, Tania na Ethan. Mama yake, Bi. Cherono, anayetutazama kwa simu kutoka Litein na kuwaambia walio naye kwamba nesi wetu amepumzika. Wenzake wa kazini. Na watu wengi wa pande zote mbili za mto unaotenganisha Maryland na kule Annandale, ambao majina yao hakuyataja kwa yeyote. Baba yake, Mzee Elkanah, alimtangulia mwaka 2009.

Amemwacha pia mdogo wake, Kipchumba, na wengi wenu mmekuwa mkimuuliza kwa macho. Ijumaa tarehe 30 Mei, saa tano asubuhi, alikuwa jikoni kwa Gratien akimenya vitunguu vya wageni. Simu ikalia. Siku saba zimetimia; je, bado unataka elfu mbili? Alitaka. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka, na hakukuwa na mtu nyumba nzima wa kumwambia hapana. Alitoka na simu akasimama uani, nyuma ya mapipa ya taka, mahali pasipo na mtu. Alikataa ile elfu mbili. Kisha akataja kikomo kipya, na kwa kuwa kilikuwa cha kupunguza, kilianza papo hapo.

Namba yenyewe haitasomwa hapa. Ikisomwa mtapiga makofi, Mzee Phineas atasema barikiwa, na itakuwa ahadi yenu badala ya kuwa yake. Inatosha mjue kwamba aliitaja mwenyewe, kwa sauti, na hakuna aliyemsikia.

Apumzike Chepkirui kwa amani. Hatumwombi tena kitu.