Waya na Dakika Ishirini na Sita za Ukimya

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Waya, alizaliwa Jumatatu tarehe 4 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi wa mabehewa. Wa kwanza ni kaka yake anayewasomea hapa, ambaye kwa sura ndiye aliyependelewa. Akiwa na miaka tisa, Waya alifungua redio ya baba, akaifunga, skrubu mbili zikabaki. Redio ikaongea vizuri kuliko mwanzo. Baba alipoziona skrubu, binti akanyoosha kidole kwa kaka yake, na kaka akala fimbo nne za bure.

Shule aliipenda. Alimaliza chuo cha ufundi mwaka 1977, msichana peke yake kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Kaka yake alikomea darasa la sita, kwa sababu ambazo walimu ndio waulizwe.

Tarehe 1 Septemba 1978 aliajiriwa fundi mitambo katika kituo chetu cha redio cha masafa ya kati, kilichokuwa na miaka saba tu: vyumba vitatu juu ya kiwanda cha mikate, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Watu walipiga simu wakagombana hewani kuhusu maji, mashimo ya barabarani na wake za wenyewe. Lakini saa saba kamili mchana ilikuwa taarifa ya habari, na tangu Waya ashike mtambo haikukosekana hata siku moja.

Jumamosi tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa na msomaji wa taarifa hiyo, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele. Shemeji alijigamba, "Mke wangu, mimi ndiye sauti, wewe ni waya tu." Bibi harusi akajibu, "Haya. Siku nikiuvuta utaongea na ukuta." Jina likamganda hapo hapo.

Alhamisi tarehe 17 Juni 1993, saa saba kasoro dakika kumi, wanaume tisa wenye bunduki na mapanga waliingia kituoni. Mlinzi walimpiga risasi mlangoni, chai yake ikiwa bado ya moto. Redio yake ndogo wakaisaga kwa vitako vya bunduki, kisha wakapanda juu wakavunja na nyingine zote, kwa hasira, maana wiki nzima redio ilikuwa ikiwasema. Walileta orodha ya nyumba arobaini na tatu. Wenzao walikuwa mitaani, redio masikioni, wakingoja kusikia nyumba ipi ianzwe.

Panga liliwekwa shingoni mwa shemeji. "Soma!"

Nyuma ya kioo, Waya aliugeuza umeme wa mtambo uelekee kwenye pipa la mafuta. Pipa hilo hutumika wakati wa matengenezo: linameza nguvu yote isifike mnarani. Taa nyekundu ya hewani iliwaka, mishale ya vipimo ikacheza, na redio ya kuwaumbua hawakuwa nayo tena.

"Hili pipa mbona linaunguruma?" aliuliza mkubwa wao.

"Ni nguvu ya kituo, bosi. Leo mnasikika mbali."

Shemeji alisoma huku akilia, akiamini anawaua majirani zake. Jina la tatu lilikuwa la kaka yake Waya. Alisita, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, akasoma na damu. Huko mitaani saa saba ilipita bila habari. Watu walitazamana, wakabeba watoto, wakatokea milango ya nyuma, sufuria zikiachwa jikoni.

Baada ya dakika ishirini na sita, dereva wao alipanda ngazi. "Bosi, mbona hamjaanza?"

Walimvunja Waya taya na mbavu tatu, wakamkata vidole viwili vya mkono wa kulia, wakamwacha wakidhani amekufa. Nyumba arobaini na moja walizikuta tupu. Mbili hazikuwa na redio, hivyo hazikuusikia ukimya. Waliokuwemo waliuawa wote, watu kumi na mmoja.

Shemeji aliomba msamaha miaka mingi. Kaka mtu humjibu, "Maisha yangu yote nimetamani kutajwa redioni, nawe ukanitangazia pipa!" Waya hakucheka. Ukimpongeza kwa zile arobaini na moja, alikutajia zile mbili. Kwa vidole vitatu vilivyobaki mkono wa kulia alitengeneza redio mbovu na kuzipeleka kila nyumba isiyo nayo, hata kwa waliomwambia wana simu.

Mbavu zile ziliacha pafu bovu. Alianza kuugua mwaka 2019, na Jumanne tarehe 9 Februari 2021, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, bisibisi ikiwa chini ya mto.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja mzuri wa sura, na nyumba arobaini na moja.

Kwa heshima yake, leo saa saba kamili kituo kitanyamaza dakika moja. Ndugu zangu, safari hii msikimbie. Kaeni naye, apumzike.