Nchi ya Kazi: Bahari

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemezwa ukutani kati ya duka la fotokopi na karakana ya kuziba pancha, na hakuna jambo la dunia hii ambalo halijapatiwa ufumbuzi hapo kabla ya saa tano asubuhi. Siku hiyo Cheche, fundi wa kuchomelea, alifika na fomu, ameishika kwa ncha za vidole isije ikapata grisi. Miaka miwili alikuwa akiwania kazi moja tu: kuunga mabomba kwenye meli ya kuchimba gesi, huko kilindini, kupita mipaka ya nchi zote. Mara mbili mshono wake wa majaribio ulipigwa eksirei ukakutwa na vitundu. Mara ya tatu haukuwa na doa. Sasa fomu ilitakiwa kwa wakala wa ajira kabla ya saa sita, la sivyo kazi apewe mwingine, na mstari mmoja ulikuwa bado mtupu.

— "Nchi ya kazi," Cheche alisoma. — Jamani, hapa niandike nini?

— Huko hakuna nchi, alisema mwenye duka la fotokopi. Walimwita Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa shahidi mahakamani mara moja, na tangu hapo hajaacha kutoa hukumu. — Kile kilindi ni mali ya wanadamu wote. Mimi, wewe, hata huyu Jeki.

Jeki, mziba pancha, akaacha tairi lake.

— Hata mimi? Basi napinga. Sikuulizwa.

— Unapinga nini?

— Kuitoa hiyo gesi. Upepo ukitoka kwenye tairi, rimu si inakaa chini? Sasa mkitoa upepo wote huko chini, hii ardhi itakalia nini?

— Gesi iko ndani ya mwamba, Jeki. Haijabeba dunia.

— Umewahi kuiziba wewe?

Birika, muuza kahawa, alikuwa akimimina huku anakohoa moshi.

— Mimi nataka mgao wangu wa mwanadamu. Wavute bomba mpaka kwenye jiko langu. Mkaa umenimaliza macho.

— Kilomita elfu za bomba kwa birika moja?

— Cheche si yupo? Ataunga.

— Nyie hamna mkakati, Wakili akakatiza. — Tunachonga kibao: "Hapa ni kwa Kijiwe." Cheche anaenda nacho, anakichomelea kulekule. Tayari tuna nchi yetu.

— Na rais? Cheche aliuliza.

Watatu wakakohoa kwa pamoja.

— Uchaguzi baadaye, alisema Wakili. — Kwa sasa andika Bahari. Wanaoafiki?

Mikono ikanyooshwa yote. Cheche alicheka nao, huku akichungulia dukani. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Akaazima kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: BAHARI.

Ndipo mkewe akatokea, fundi cherehani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Hakuwa mtu wa kusimama pale hata siku moja.

— Baba Pacha, umesahau picha zako za fomu.

Akaichukua fomu azibandike, akaisoma.

— Bahari?

— Ni mali ya wanadamu wote, shemeji, Wakili alimfafanulia.

— Sawa. Sasa huyu akiumia huko, mimi nikabishe mlango gani?

Jeki aliinamia tairi. Birika akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

— Si watapiga simu, alisema Cheche.

— Akina nani? Wa nchi gani?

— Kwani hutaki niende?

— Miaka miwili umechomelea vipande vya bomba uani, watoto wakahamia kulala kwa jirani. Nataka uende. Ila sitaki siku moja niende kuuliza habari zako kwa maji.

Cheche aliona haya. Kila mshono wake aliukagua kwa tochi, lakini hili hakulitazama hata mara moja, kwa hofu kwamba anayeuliza maswali ndiye anayeachwa. Akaikata BAHARI kwa mstari mmoja.

— Twende wote. Wakala aandike hapa: sheria ya nchi gani, mtu gani, mlango gani. Akiandika, nasaini mbele yako.

— Na saa sita ikipita hajaandika?

— Ipite. Nitakaa kwake mpaka aandike. Eksirei iliniangusha mara mbili nikarudi, huyu hanishindi.

Jeki alikuwa anafuta mikono kwenye kitambaa.

— Shemeji, na sisi wanadamu wengine tunaweza kuja?

Mama Pacha aliwatazama, mmoja mmoja.

— Njooni. Ila mkifika, mnyamaze.

Wakaondoka watano, Mama Pacha mbele na fomu mkononi, na Cheche kando yake akilirudia lile swali la mlango kimoyomoyo, asije akalisahau mbele ya meza ya wakala.