Barafu Inayowaka kwa Rabten

Nje ya mgahawa wa tambi wa Ma kuna benchi moja, na asubuhi hiyo Gonpo alikuwa amelikalia tangu chai ya kwanza, kakumbatia mfuko wa ngozi ya kondoo wenye bonge la barafu alilochimba malishoni kwake. Roho ilimuuma. Wiki nzima pale Muli, kwenye uwanda wa juu wa Tibet, watu hawakuwa na habari nyingine: mtambo umetoboa ardhi iliyoganda kwenye malisho ambako Rabten hulisha yaki, ng'ombe wake wa manyoya marefu, ukatoa barafu iliyoshika gesi ndani yake. Ukiipigia kiberiti, inawaka! Na kati ya malisho ya Rabten na ya Gonpo pana kijito tu, mbuzi anakiruka.

— Toa basi tuone, alisema Mhandisi, aliyepata jina hilo kwa kuendesha lori la maji la wachimbaji siku mbili.

Bonge likawekwa benchini. Mhandisi akawasha kiberiti. Kikazimika.

— Washa kingine! alisema Gonpo.

— Mnanimalizia kiberiti, nyie! Ma alifoka kutoka mlangoni.

— Ya juu haiwaki, Gonpo, alisema Mhandisi. Inayowaka iko chini, mita mia na kitu.

— Na mimi chini ninako! Kwani ardhi inajua kijito?

Meno, mzee wa jino la dhahabu, akamwaga mashapo ya chai.

— Gesi ni pumzi ya mizoga ya zamani. Ukoo wa Rabten walikuwa na yaki mpaka basi. Nyie mlikuwa mafukara, mwanangu. Utoe gesi wapi?

— Acha uongo, mzee. Gesi ile inahama kama mifugo, alisema Mhandisi. Mwakani inavuka.

— Inavuka! Gonpo alirukia.

— Haivuki ng'o, alisema Meno. Rabten kaifunga kwa sala. Zile siku tatu lama alizosali nyumbani kwake, mlidhani ni za mama yake mgonjwa?

— Nilijua! Gonpo akapiga benchi. Nilijua tu! Wapimaji walianza kwangu mimi!

— Wakaondokea nini? aliuliza Mhandisi.

Gonpo akatazama pembeni.

— Sikumfunga mbwa.

Kicheko kikalipuka. Kikakatika ghafla, maana Rabten mwenyewe alikuwa anakuja akivuta farasi, matope hadi magotini. Gonpo aliona kijicho kikimpanda upya.

— Karibu, tajiri! alisema Meno.

Rabten hakucheka.

— Wachimbaji wamezungusha waya mpaka kijitoni. Palipobaki, malori yamechimbua nyasi zote. Nina yaki arobaini, na theluji ndiyo hiyo inakuja.

Akamgeukia Gonpo.

— Kaka, nikalishe wapi?

Mhandisi akainama kutazama buti zake. Meno akanywa kikombe kitupu. Gonpo alitaka kusema "kwangu", lakini nyasi zake zilitosha yaki wake tu mpaka theluji iyeyuke, tena kwa kubana. Aliona haya. Wiki nzima alikuwa hapati usingizi kwa kumwonea wivu mtu asiye na pa kupeleka mifugo yake. Akasogea benchini, jirani yake apate pa kukaa.