Papa Gentil, Treni ya Lac Vert na Neno Moja

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi katika ushirika wetu wa usafiri, Papa Gentil Baharanyi anastaafu tarehe 30 Juni 2026. Aliingia kama dereva, anatoka kama mkuu wa laini. Laini yenyewe ilitoka kazini kabla yake, na hapo ndipo penye habari.

Wapo watu wa mjini, wengine wamesoma sana, wanaopenda kusema kwamba Goma haijawahi kuwa na usafiri wa umma, ila pikipiki na vumbi. Wanakosea, na wanakosea kwa sauti kubwa. Mwaka 2003, lava ya volkano ya mwaka uliotangulia ikiwa bado nyeusi katikati ya mji, ushirika ulinunua basi mbili ndefu, kila moja ikiwa na vyumba viwili vilivyoungwa kwa mpira uliokunjwa kama kodiani. Zilianzia Birere, zikapita Signers, Katindo, Ndosho na Mugunga, zikageuzia Lac Vert. Goma haina reli, lakini siku ya kwanza tu watu walizibatiza jina: Treni.

Jina hilo lilileta matatizo yake. Mama mmoja aliyefika kutoka Kalengera na mzigo wa maharagi alisimama pale Birere akakataa kupanda. Aliambiwa kuna treni, naye alikuwa anatafuta chuma chini. Akamuuliza Papa Gentil, aliyekuwa usukani:

"Papa, reli iko wapi?"

"Njo hii lave, mama. Panda tu."

Alipanda. Kuanzia hapo Papa Gentil akawa anaiita barabara hiyo ya lava, inayoelekea Sake, "reli", hata katika ripoti, na wakubwa wetu wakaacha kumsahihisha.

Mnamo Mei 2021, volkano ilipolipuka na mji ukaambiwa uhame, watu walielekea Sake kwa miguu, na vitanda kichwani. Hakuna aliyempa Papa Gentil amri yoyote. Alifungua milango ya Treni, akaenda, akarudi, akaenda tena, bila kumtoza mtu nauli. Wanaokumbuka wanasema alisimama mlangoni akipiga kelele, "Watu kwanza! Godoro nyuma!" Mzee mmoja akamuuliza mbuzi wake atawekwa wapi. Akajibiwa, "Leo mbuzi iko mutu, muzee. Ingiza."

Basi ya kwanza ilikufa kifo cha kawaida, springi zake zikiwa zimeliwa na mawe. Ya pili iliungua ndani ya karakana mwezi wa Januari 2025, wakati vita vilipoingia mjini. Tangu hapo laini haikutembea tena. Papa Gentil aliendelea kuja kazini kila asubuhi, mkuu wa laini isiyo na basi. Waliomcheka wangejiuliza kwanza nani alikuwa anafagia kituo cha Lac Vert.

Maana kituo kile ni parsele, yaani kiwanja, tena parsele nzuri, kando ya barabara. Wakubwa wa mtaa waliupa ushirika parsele hiyo kwa sharti moja: itumike kwa laini ya Treni tu. Mama wanaouza mboga na viazi hupumzikia chini ya paa lake hadi leo, wakingoja pikipiki au lori. Laini ikifa, sharti linakufa nayo, na parsele inakuwa huru kuuzwa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshakuja kuipima kwa kamba.

Hivyo, mwezi wa tatu mwaka huu, uongozi ulipoandaa hati ya hali ya laini zetu, ile ya Lac Vert iliwekewa neno moja la Kifaransa: *supprimée*, yaani imefutwa. Katika kikao hichohicho Papa Gentil aliitwa mbele ili aambiwe zawadi yake ya kustaafu, kochi la sebuleni. Alilikataa. Alisema hataki kochi, anataka neno libadilishwe liwe *suspendue*, yaani imesimamishwa.

Mkurugenzi wetu, Madame Valérie, si mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka.

"Papa Gentil, basi hakuna, barabara imeharibika. Neno litakusaidia nini?"

"Mimi halinisaidii, Madame. Mutu akisimama, unamungojea. Mukimufuta, munauza nyumba yake."

Kisha wajumbe, ambao baadhi yao walikuwa wameshaanza kuhesabu parsele ile kama imeuzwa, waliinua mikono kukubali. Neno lilibadilishwa. Yule wa kamba aliambiwa akapime kwingine. Wiki iliyofuata Papa Gentil alionekana Lac Vert juu ya ngazi, akipaka rangi upya kibao cha kituo, na mama wa mboga wakimwelekeza chini: "Papa, herufi ya pili inalala!"

Tunaoandika mambo ya mji huu tumezoea kugombania mambo makubwa. Mtu huyu aligombania tofauti ya herufi chache, na paa likabaki juu ya vichwa vya watu. Kama kuna anayeona hilo ni dogo, aende akanyeshewe Lac Vert.

Limebaki jambo moja la kucheka. Sekretarieti, ikiwa bado imelemewa na neno lile, ilijaza karatasi ya kustaafu ya Papa Gentil, na mahali pa hali ya mfanyakazi ikaandika *suspendu*. Kila mfanyakazi anajua neno hilo kwa mtu maana yake ni adhabu. Madame Valérie aliomba radhi na kutaka karatasi irudishwe ili isahihishwe. Papa Gentil alicheka hadi akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Acha hivyo hivyo," alisema. "Nangojea basi."

Asante, Papa Gentil, kwa kila safari. Wewe na mkeo, Mama Nsimire, tunawatakia afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya raha. Siku Treni itakaporudi, kwenye kiti cha usukani atakaa mwingine, lakini itakupitia wewe kwanza.