Minyaa ya Mama Dafroza

Basi lilikuwa limeshatoka Musoma, na mpimaji ardhi aliyekaa mbele yangu alikuwa akipiga mistari kwenye ramani aliyoitandaza magotini. Kila mara basi liliporuka shimo, nyumba moja ya kijiji kipya cha ujamaa ilipinda.

Jirani yake, Mama Dafroza, aliyepakata kikapu cha furu wakavu, vile visamaki vya ziwani, alichungulia. "Nyumba zetu umezipanga chini ya minyaa?"

"Ndiyo, mama. Si ni ua wa boma la ng'ombe la zamani? Juu yake tumeacha malisho."

"Boma gani! Tuliipanda mwaka ule baada ya Uhuru, ziwa lilipopanda. Pale maji yalipoishia ndipo tulipochomeka matawi. Huko chini tulikuwaga na nyumba kumi na moja."

"Nimepima, mama. Ziwa liko hatua mia nne."

"Na mimi nilizivuka hizo mia nne maji yakiwa kifuani, mtoto nimembeba kichwani."

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wote wawili walionekana wamepima.

"Familia arobaini zinahamia mwezi ujao," alisema mpimaji.

"Basi wafundishe kuogelea kwanza, ndugu."

Mpimaji akatoa raba. Tulipofika Bunda alikuwa amefuta nyumba tatu tu.

"Kesho nitakuja kupima tena," alisema akikunja ramani. "Si kwamba nimekubali."

"Karibu," alijibu Mama Dafroza, akijitwika kikapu. "Nitakungoja kwenye minyaa. Upande wa juu."