Mwanangu Hatembei, na Mungu Ametenda

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na wanaotembea, asifiwe na wasiotembea. Naitwa Sidi, mama yake Kadzo, huyu mnayemwona hapa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu. Nimeombwa nitoe ushuhuda wa uponyaji. Nitautoa, lakini sikuja kuwadanganya.

Nilimzaa nikiwa nimeolewa kule Gongoni, mume wangu akifanya kazi ya chumvi. Uchungu ulinishika muda mrefu, na mtoto alipotoka hakulia. Miezi ikapita, shingo haikazi, mikono imekakamaa. Hospitalini wakaniambia ni mtindio wa ubongo. Nyumbani kwa mume wangu walikuwa na jina lao: mkosi. Hakuna aliyempakata ila mimi.

Siku moja walikuja wageni kumposa wifi yangu. Mama mkwe akaniita jikoni.

"Huyo mtoto asionekane. Watasema damu yetu ni mbaya."

"Nisamehe mama," nikamjibu, "lakini huyu ndiye damu yenu."

Nikamwogesha Kadzo, nikamvisha gauni lake, nikaketi naye mbele ya wageni. Posa haikuvunjika. Ndoa iliyovunjika ni yangu. Mume wangu alisema nimpeleke mtoto akae kwa wazazi wangu, ama niondoke naye. Nikaondoka naye.

Nikafikia kwa dada yangu, Kibarani, nikawa nafua nguo za watu Kadzo akiwa mgongoni. Ndugu zangu, nilichoka mpaka nikawa tayari kuamini lolote. Nikampeleka kwenye mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri akamwinua kwa makwapa, akamwamuru atembee, akamwachilia. Mwanangu akaanguka kifudifudi, mdomo ukatoka damu. Yule mhubiri akatangaza kwenye kipaza sauti, "Mama huyu anaficha dhambi."

Watu wote wakanigeukia. Nikamwokota Kadzo, nikasema wakanisikia bila kipaza sauti: "Yesu ninayemjua mimi hakuangusha mtoto wa mtu." Nikatoka, nikaapa sitakanyaga kanisa tena.

Uwanjani pale alikuwepo Dada Naomi, mtu wa bara aliyekuja kuhudumu misheni, kazi yake kuwanyoosha watoto viungo. Akaulizia mpaka akafika kwetu. Nilifungua mlango nusu.

"Kama umekuja kumwombea atembee, rudi."

"Nimekuja kumsalimu," akasema.

Akaketi mkekani, uso kwa uso na mwanangu. "Hujambo, mrembo? Waitwa nani?"

Ndugu zangu, watu wote huniuliza mimi. Yeye alimwuliza mwenyewe, kisha akasubiri. Akasubiri sana. Kadzo akapambana na ulimi wake, akatoa, "Dzo." Nililia kuliko siku niliyotoka kwa mume wangu.

Dada Naomi akanifundisha kumlisha bila kupaliwa na kumnyoosha mikono. Fundi wa misheni akampima, akamtengenezea kiti kinachomshika mgongo. Tukaenda shule. Mwalimu mkuu akasema apelekwe kwa watu wa aina yake.

"Aina yake ni mtoto," nikamwambia.

Kila asubuhi nikamweka na kiti chake mlangoni mwa darasa, asikie masomo. Dada Naomi akienda kusemezana na mwalimu mkuu, mimi sibanduki. Mwisho mwalimu wa darasa akatoka, akamsukuma ndani yeye mwenyewe. Leo Kadzo anasoma. Nikisoma Biblia nikaruka neno, hunigonga mkono.

Wapo wanaouliza, uponyaji uko wapi? Miguu yake ni ile ile. Mimi ndiye niliyefunguliwa. Nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa, nikiomba radhi kwa kumzaa mwanangu. Siombi tena. Anayetaka ushuhuda mtamu kuliko huu atautafuta kwingine.

Namshukuru Mungu aliyemtuma mtu wa kuketi mkekani kwangu, mpaka nikarudi kanisani nilikoapa sitakanyaga. Nawe mama uliyemweka mwanao nyuma ya pazia, najua upo, maana nguo zake naziona kwenye kamba na yeye sijamwona. Mtegemee Mungu, umtoe nje. Wakikukodolea macho, nawe wakodolee. Mlete hapa mbele, pembeni ya Kadzo. Benchi lililokuwa hapo tumeshaliondoa, nafasi ipo.