Laini ya Mama Mkunga

Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, limeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha fundi viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Soli. Asubuhi hiyo Soli alikuwa na kiatu mapajani, sindano mkononi, na moyo umemjaa. Jana yake binti yake alimpigia simu kumwambia kwamba ameshaomba simu ya mezani ikatwe na fundi atafika leo. Hakumwomba ushauri, alimpa taarifa. Simu yenyewe ilikuwa hatua chache tu nyuma yake, sebuleni kwake, juu ya kitambaa alichokifuma mkewe, mkunga wa mtaa, aliyefariki miaka mitatu iliyopita.

— Ikatwe tu, alisema Wembe, kinyozi wa mlango wa pili. Siku hizi nani ana simu yenye mkia? Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? Soli aliuliza.

— Imeingia yenyewe. Mimi nimeifungulia mlango tu.

Breki, dereva mstaafu wa malori, aliweka kikombe chini.

— Soli, usikubali! Hawa watu wa simu wanataka shaba. Waya zote hizo zilizofukiwa ni shaba tupu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hao wameshaanza kuinama!

— Acha zako. Waifanyie nini shaba? Wembe alimkatiza.

— Wewe hujui kitu. Na hizo simu zenu za mfukoni ndizo zinazonyonyoa watu nywele. Tazama hiki kichwa! Nilikuwa na nywele mpaka nikanunua simu.

Wembe akakitazama kwa masikitiko ya kibiashara.

— Basi ndiyo maana wateja wamepungua.

Mama Birika, muuza kahawa, alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Soli hakucheka. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

— Niwaambie siri, Wembe akainama. Maneno hayapotei. Yanabaki humo humo ndani ya waya. Siku ukiikata, yanamwagika barabarani yote. Breki, hata ile siku uliyomwambia shemeji umeharibikiwa na lori, kumbe uko harusini!

— Wee! Breki akaruka. Soli, ndugu yangu, usikate kabisa!

Mara hii Soli aliduwaa na sindano hewani. Alijua ni upuuzi. Lakini kwa miaka ishirini na sita alilala kando ya sauti ya mkewe akiijibu simu hiyo usiku: “Tulia mwanangu. Pumua. Nakuja.” Laiti ingekuwa kweli kwamba imebaki humo.

— Tuache mzaha, Mama Birika alisema. Baba, bado kuna anayeipiga?

— Wanapiga.

— Akina nani?

— Wanawake. Namba wamepewa na mama zao. Juzi mmoja alipiga, yuko peke yake, chupa imepasuka. Anamwulizia Mama Mkunga. Nimwambie nini? Nikamwambia kaa, usihangaike, uchungu unakuja baada ya muda gani? Akanijibu. Nikaita gari la zahanati, nikarudi kupokea simu yake tena, nikazungumza naye mpaka gari likafika.

— Wewe? Fundi viatu?

— Nilisikiliza miaka yote hiyo, Wembe. Sikio halina likizo.

— Amejifungua?

— Mapacha. Alipiga tena kuniambia.

Kijiwe kizima kikapiga makofi kama vile mapacha ni wao. Breki akaapa kwamba fundi akija atalala mlangoni, na wamkanyage kwanza. Wembe, aliyetaka ikatwe dakika kumi zilizopita, akasema yeye atalala juu ya Breki.

Fundi wa simu akafika. Alikuwa mwanamke mwenye ovaroli, begi la vifaa begani na fomu mkononi. Akaamkia kwa adabu.

— Shikamooni. Nimeelekezwa hapa kuja kukata laini. Kila kitu kiko tayari, imebaki sahihi ya mwenyewe.

— Mimi ndiye mwenye nyumba, Soli alisema.

— Samahani mzee, hapa kuna jina la mama. Laini ni yake. Yupo?

— Hayupo.

Yule fundi akatoa kalamu, akauliza kwa wema kabisa:

— Atarudi lini?

Breki akakitazama kikombe chake. Mama Birika akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Ndipo fundi wa simu alipoelewa. Akashusha kalamu.

— Jamani. Poleni sana. Sasa… mzee, niandike nini?

Soli alisimama. Mgongo ulinyooka. Aliwaza binti yake atakavyokasirika, na akaona hasira hiyo ataibeba.

— Andika kwamba mwenye laini hajakubali.

— Ofisi haitanielewa, mzee.

— Basi waje wenyewe. Nami nitawajibu hivyo hivyo.

Mwanamke yule akakaa kwenye benchi, akaiweka fomu juu ya goti na kuanza kuandika, neno kwa neno, naye Soli akimsimamia mpaka nukta ya mwisho.